Kidole Kimoja Chini ya Mdomo wa Rejeta

Mwaka 1951, Bwana Mbio alipokwenda likizo kwao Ulaya, aliniachia vitu vitatu: gari, karatasi na ahadi.

Gari lilikuwa jekundu, la mashindano, la watu wawili tu, na lilikaa chini hata kuku alikuwa akiona upande wa pili bila kunyoosha shingo. Bwana Mbio alikuwa afisa wa barabara, na kila Jumamosi alilikimbiza kuelekea Nzega, akirudi na vumbi mpaka ndani ya masikio. Jina lake la kwao sikulijua vizuri. Hata waliolijua hawakulitumia.

Karatasi aliipiga chapa mwenyewe, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Ninayo mpaka leo. Inasema: "Silasi. Kila asubuhi ya baridi wewe fungua kifuniko cha rejeta. Wewe pima maji. Maji iwe kidole kimoja chini ya mdomo. Maji ikiganda, injini pasuka. Siku ya baridi kali kabisa, jioni mwaga maji yote. Mtu mwingine asiguse gari."

Na ahadi ilikuwa hii: akirudi, gari likiwaka vizuri na injini ikiwa nzima, ataniandikia barua ya ufundi kwa mkuu wa karakana.

Sasa nieleze kwa nini barua hiyo ilikuwa roho yangu. Vitani nilikuwa fundi wa malori kule Uhabeshi. Injini nilizifungua na kuzifunga mvua ikininyeshea, na zikatembea. Nilipewa cheti, nikarudi nacho Tabora, nikakiweka nyumbani kwa marehemu baba, na nyumba ile ya nyasi ikaungua pamoja na cheti, mitumba miwili na jogoo. Nilipokwenda karakana kuomba kazi ya ufundi, wakaniuliza karatasi iko wapi. Nikawaambia imeungua. Wakanipa ufagio. Kwa miaka sita nilifagia chini ya injini zilizokuwa zinaharibiwa na watu wenye karatasi, na nikifungua mdomo kusema boliti hiyo inakazwa kinyume, naambiwa nifagie pale kwenye kona. Mtu asiyejua kitu akifagia, anafagia tu. Anayejua anameza vumbi mara mbili.

Kwa hiyo gari nililipokea kama yai. Nililiweka katika banda la fito lililo nyuma ya nyumba yangu, mtaa wa Cheyo, ambalo zamani lilikuwa la mfanyabiashara wa nta. Nilichonga kijiti cha mninga, nikakitia alama ya kidole kimoja, na kipupwe kilipoingia nikawa kila alfajiri naamka, nafungua kifuniko, natumbukiza kijiti.

Cheyo nzima ikapata mchezo. Wa kwanza alikuwa mtani wangu Mfaume, Mzaramo, mfunga mabehewa pale stesheni. Utani wetu ni wa tangu misafara: babu zetu walibeba pembe kutoka huku mpaka pwani, babu zake wakawapokea kwa matusi, na matusi hayo tumeyatunza vizuri kuliko mali.

"Mtumwa wangu," aliniambia, "leo mgonjwa amekunywa uji?"

"Nenda kafunge mabehewa yako."

"Babu yako alibeba pembe miezi mitatu kwa miguu. Wewe unabebea maji gari lisilokwenda hata chooni. Na maji ya Tabora yaligandia wapi?"

"Niliona lori limepasuka injini mlimani Uhabeshi," nikamwambia. "Dereva alisahau kumwaga maji jioni. Asubuhi chuma kilikuwa na ufa wa kuingiza kidole."

"Uhabeshi," akasema Mfaume. "Hapa ni Cheyo. Hapa kinachopasuka ni viatu."

Sikumjali. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini katikati ya Julai lilikuja jambo ambalo karatasi ya Bwana Mbio haikulitaja, kwa kuwa Wazungu, kwa nilivyosikia, hukaa meza moja na mama mkwe na kumpa mkono.

Mke wangu Tekla alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza. Mama yake akaja kutoka Ipole kumwangalia, na madebe mawili ya asali. Jina la mama mkwe wangu silitaji. Kwetu Wanyamwezi mkwe hatamki jina la mkwe. Wala hatazamani naye usoni, wala halali naye chini ya paa moja, na akimwona njiani huiacha njia. Ni heshima. Wengine wanasema ni woga, na mimi nasema vyote viwili huenda pamoja.

Nyumba yangu ilikuwa ya vyumba viwili. Alale wapi? Tekla hakuniuliza. Nilirudi kazini nikakuta bandani kumetiwa kitanda cha kamba, mkeka umetundikwa kama pazia kati ya kitanda na gari, na moshi wa jiko la mkaa unatokea kwenye fito.

"Humo mna gari la watu," nilimwambia Tekla.

"Na huyo si mtu?" akajibu.

Tangu siku ile kila alfajiri nilikohoa mara tatu nje ya banda, nikangoja mkeka uteremshwe, nikaingia kinyumenyume, uso umeelekea ukutani, nikalifikia gari kwa kupapasa. Nilijifunza kufungua kifuniko cha rejeta bila kukitazama. Hakuna fundi wa karatasi pale karakana anayeweza.

Siku ya tatu kijiti kilitoka kikavu.

Nikakitumbukiza tena. Kikavu, mbali chini ya alama. Nikapapasa chini ya gari: vumbi tupu, hakuna hata tone. Nikajaza maji, nikaenda kazini. Kesho yake yamepungua tena, karibu nusu debe. Nikajaza. Kesho yake tena. Maji yanatoka kwenye rejeta, chini hakuna tope, hewani hakuna mvuke. Ilibaki sababu moja tu: injini ina ufa wa ndani, na maji yanashuka kwenye mafuta. Nikachomoa kijiti cha mafuta, nikayanusa, nikayaonja. Yalikuwa mafuta. Sikupata usingizi hata hivyo. Barua yangu ilikuwa inavuja mahali nisipopaona.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Niliamka mapema zaidi, nikachota maji mengi zaidi kule kisimani bondeni, nikajaza zaidi. Nikikonda, Tekla alifikiri ni kwa ajili ya mtoto, akaniona mume mwema.

Kisha ikaja ile Jumanne. Upepo ulivuma tangu asubuhi kutoka kusini, mkavu, wa kukata masikio. Adhuhuri watu walikuwa bado wamejifunga mablanketi. Kufika alasiri upepo ukatulia, mbingu ikawa nyeupe bila wingu hata moja, na mimi nikaijua hali ile. Ndivyo ilivyokuwa mlimani siku moja kabla ya lori kupasuka. Nikatupa ufagio, nikakimbia nyumbani kumwaga maji.

Mlangoni pa banda alisimama Sikuzani, mke wa Mfaume, mikono kiunoni.

"Huingii," akasema.

"Nataka kumwaga maji ya gari. Sichukui muda."

"Tekla ameshikwa na uchungu. Yumo humu."

"Kwa nini humu? Kuna nyumba."

"Mama yake ataingiaje chumbani unakolala wewe? Una akili, Silasi?"

Alisema kweli. Mama mkwe hawezi kukanyaga chumba cha mkwewe, kwa hiyo mtoto wake ndiye aliyemfuata bandani. Na mimi siwezi kuingia mahali mke wangu anapojifungua, na mama mkwe wangu yuko magotini mikono wazi. Hata ufalme wa Kiingereza usingenipitisha pale. Nikajaribu kumwelekeza Sikuzani koki ya kutolea maji ilipo. Akanifukuza kwa upawa.

Nililala kwa Mfaume. Kusema kweli, nililala nikiwaza vitu viwili, na kimoja kilikuwa koki. Naona aibu kuandika ni kipi kilichotangulia.

Alfajiri nilitoka uani kunawa. Beseni la Mfaume lilikuwa limeachwa nje. Nikatia mkono, na maji yakanikatalia. Yalikuwa yamefanya utando, mwembamba kama ukucha, na nilipoubonyeza ulivunjika kwa mlio mdogo. Mfaume akatoka, akautazama, akachukua kipande, akakilamba.

"Huu ni uchawi," akasema polepole. Ni mara moja tu maishani nilimwona hana utani.

Fundi mmoja wa Ulaya aliniambia miaka mingi baadaye kwamba utando kama ule haupasui injini. Yeye hakuwepo. Mimi nilikimbia, Mfaume nyuma yangu, mpaka ukuta wa banda, nikashika fito kwa mikono miwili. Nilitaka kuuliza, na wa kumuuliza simsemeshi. Lakini mtani ana ruhusa. Mtani huingia msibani akacheka, hukaa juu ya kitanda cha maiti akadai kitoweo. Mtani husema na mkwe wako.

"Mfaume," nikasema, "uliza kama rejeta ina maji."

Mfaume akanigeukia.

"Mtumwa wangu," akasema, "mke wako yumo humo tangu jana alasiri. Nawe unauliza habari za rejeta."

Nikainamisha kichwa. Nilijiona mdogo kuliko mende aliyekuwa akipanda fito. Ningepewa shoka ningelipasua gari lile kwa mikono yangu.

"Haya," akasema Mfaume, na akapaza sauti. "Bi Minza! Mtumwa wangu ameganda huku nje. Anauliza kama rejeta ina maji."

Sauti ya mama mkwe wangu ikaja, imechoka na haina haraka.

"Mwambie mkwe wangu ana binti, na mama wa mtoto ni mzima. Na mwambie maji yake yamekwisha yote. Leo amechelewa kujaza."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi la baridi.

Yaliyobaki Mfaume aliyapokea kidogo kidogo kupitia kwenye fito na kunikabidhi, kila neno na matusi yake. Mama mkwe alipofika kutoka Ipole alijiuliza atapata wapi maji ya kuoga: mwanawe ni mzito, hawezi kushuka bondeni, na mkwewe hawezi kumkabidhi ndoo mkono kwa mkono. Siku ya pili akasikia mkwe anakohoa alfajiri, anaingia ameficha uso kwa adabu, anamimina maji mbele ya lile gari, anatoka bila neno. Alipochungulia chini akaona koki ndogo ya shaba. Akaelewa. Mkwewe amemtengenezea tangi. Kila jioni akatega beseni, akafungua koki, akaoga, asimwage hata tone kwa kuheshimu kazi ya mtu. Alipoona kila kukicha tangi limejazwa tena, alimwambia Tekla kwamba katika ukoo wao wote hakuna mwanamke aliyewahi kupata mkwe wa namna hiyo. Tekla akadhani anasifia yale maji ya kunywa ninayoacha mlangoni kwenye mtungi, akaitikia.

Na jana usiku, mtoto alipotoka, yalihitajika maji mengi. Mama mkwe alifungua koki ya rejeta mpaka ikakauka. Hayakutosha. Mkwe wangu, aliwaza, ni mtu wa akiba. Akapapasa ubavuni mwa injini, akapata koki ya pili, akaifungua nayo. Akayachemsha yote, akayapoza, wakamwosha mama na mtoto. Yalikuwa na wekundu kidogo wa kutu. Akasema ni dalili ya damu njema. Alipomaliza akafunga koki zote mbili, na kila moja akaizungushia utepe wa kanga ili isivuje.

Kwa hiyo injini ililala kavu kabisa katika usiku wa baridi kuliko zote nilizoziona Tabora. Na binti yangu, siku ya kwanza duniani, aliogeshwa kwa maji ya gari la mashindano. Kanisani tulimbatiza Marcelina. Mfaume alimwita Rejeta siku ile ile, na Cheyo yote ikamfuata.

Bwana Mbio alirudi Oktoba, jua la kupasua mawe. Akaja moja kwa moja bandani, na Mfaume akaja nyuma yake, maana hakubali jambo linipate bila yeye kuwepo. Nilikuwa nimejaza maji, nimerudisha betri, nimefuta vumbi. Gari liliwaka mara ya kwanza, likanguruma mpaka Rejeta akaamka ndani ya nyumba akalia. Bwana Mbio akatabasamu. Nikaiona barua yangu kabisa, nikaona hata bahasha.

Kisha akapiga magoti kukagua chini. Alipoinuka alikuwa ameshika utepe wa kanga.

"Silasi. Koki mbili zimefungwa na nguo hii. Nani alimwaga maji?"

"Kulikuwa na baridi kali, bwana. Yaliganda hata kwenye beseni."

"Nimesikia. Nauliza nani."

Mfaume akanisogelea kutoka nyuma, akaninong'oneza: "Sema ni wewe, mjinga. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Karatasi ilisema mtu mwingine asiguse gari. Nikisema ukweli, barua inakufa. Nikisema uongo, nitafunga injini maisha yangu yote. Nilifungua mdomo kusema ni mimi. Ndani ya nyumba mtoto bado alikuwa analia, na nilisikia sauti ya Tekla ikimbembeleza. Nikakumbuka nilivyosimama pale kwenye fito na swali nililouliza kwanza. Kuitanguliza injini mara moja kulitosha.

"Ni mama mkwe wangu, bwana. Alikuwa anaoga maji ya gari kila siku. Usiku ule aliyamaliza kumwosha mtoto. Mimi sikuwepo."

"Anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza jina lake."

"Siwezi kulitaja, bwana."

Uso wake ukawa mwekundu. "Unamficha mtu?"

"Anaitwa Minza," akasema Mfaume. "Bi Minza wa Ipole. Huyu ni mkwewe, jina halimtoki hata umtie koleo. Niulize mimi."

Bwana Mbio akanitazama, akautazama utepe, akachutama tena akaitazama ile koki ya ubavuni kwa muda mrefu. Hakucheka, wala hakugomba. Alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu juu ya boneti, akaikunja, akanipa, akaingia garini akaondoka. Vumbi likatufunika.

Ilikuwa ya Kiingereza. Nilikaa nayo siku mbili mfukoni, nikiamini ni ya kunifukuzisha hata ufagio. Siku ya tatu nikampelekea Nassibu, karani wa karakana, nikamwomba anisomee kabla ya mkuu kuiona. Nassibu akavaa miwani, akaisoma kimya, akaisoma tena, kisha akanifasiria:

"'Usiku wa baridi, maji ya gari langu yalimwagwa kwa koki zote mbili. Mafundi wengi ninaowajua husahau ya pili. Kazi hiyo aliifanya mama mkwe wa Silasi. Silasi hakuwepo, na nilipomuuliza alisema hivyo hivyo, akijua nilichomwahidi. Mpeni injini. Akiiharibu, atawaambia.'"

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya matangi ya mafuta mpaka macho yakakauka. Jumatatu nilipewa spana, na ufagio akapewa mwingine.

Nilitaka kumshukuru mama mkwe, na mdomo wangu kwake ni haramu. Basi nikachukua rejeta kuukuu ya lori lililotupwa, nikaiziba, nikaitia koki mpya ya shaba. Krismasi nilikwenda Ipole, nikangoja awe ameenda kwenye mizinga yake ya nyuki, nikaifunga kwenye nguzo nyuma ya nyumba yake, nikachota maji, nikapima kwa kijiti changu cha mninga, nikaondoka bila kuonekana.

Wiki ya pili ujumbe ulifika kwa Mfaume, kwa kuwa yeye ndiye njia.

"Bi Minza anashukuru sana," akasema, na nikamwona anavyojizuia. "Anasema mkwe wake ni mtu mwema, hana wa kumfananisha naye. Ila ni mchoyo kidogo: kila akijaza, anaacha kidole kimoja."